UZI: Daraja la Brooklyn lilifungwa kwa waya uliochakachuliwa, na waya huo bado umo

Saruji_na_Kokoto

Wakuu, habari za jioni. Mvua imetufukuza saiti tangu saa sita mchana, nimejibanza kwenye kontena la stoo, simu ina chaji. Leo mtanisoma.

Wiki iliyopita, kwenye ule uzi wa ghorofa lililotitia, mdau mmoja aliandika kwamba kuchakachua vifaa vya ujenzi ni ugonjwa wetu sisi, kwamba wenzetu walijenga kwa uaminifu ndiyo maana vitu vyao vina miaka mia na ushee na bado vimesimama. Akapachika na picha ya Daraja la Brooklyn. Nilicheka peke yangu kama chizi. Katika madaraja yote ya dunia hii, kaenda kuokota lile!

Kwa asiyelijua: liko New York, linavuka East River kutoka Manhattan kwenda Brooklyn. Lilifunguliwa tarehe 24 Mei 1883. Kutoka mnara hadi mnara ni mita 486, na siku linafunguliwa hapakuwa na daraja la kuning'inia lenye urefu huo popote duniani. Limebebwa na kebo nne, kila moja nene kama sentimita 40, na kila kebo imeundwa kwa nyaya 5,434 zilizolazwa sambamba. Kumbukeni hiyo namba, nitairudia.

Sasa, ndani ya kebo hizo kuna waya uliokataliwa na wakaguzi. Tani 221 kwa makadirio ya wahandisi wenyewe. Uliingizwa kwa dili, ukagundulika ukiwa umeshafungwa, na hakuna aliyeweza kuutoa. Upo mpaka ninavyoandika hapa.

Ngoja nianze mwanzo, maana bila mwanzo hamtaelewa kwa nini halijaanguka.

Nipo Kona

Siti ya mbele. Karanga ninazo.

Mama Wawili

Endelea baba, watoto wamelala.

Saruji_na_Kokoto

Brooklyn wakati ule haikuwa mtaa wa New York. Ulikuwa mji kamili wenye meya wake, na ulibaki hivyo hadi tarehe 1 Januari 1898. Watu walilala Brooklyn wakafanya kazi ng'ambo, na njia ilikuwa moja tu, pantoni. Anayevuka Kigamboni enzi za pantoni peke yake anajua hayo maisha. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na barafu. Majira ya baridi ya 1866 kuingia 1867 mto uliganda, pantoni zikakwama, na kelele za kutaka daraja zikawa haziwezi kupuuzwa tena.

Aliyelichora ni John Roebling, Mjerumani wa Mühlhausen, mzaliwa wa 1806, aliyehamia Marekani mwaka 1831. Alianza na kilimo huko Pennsylvania, kilimo kikamkataa. Karibu na hapo mashua za mizigo zilikuwa zinavutwa kupandishwa milimani kwa kamba za kawaida, na kamba zikikatika mashua inarudi chini na roho za watu. Mwaka 1841 akaanza kusokota kamba za waya. Hapo ndipo utajiri ulipotokea. Baadaye akaning'iniza daraja la treni juu ya korongo la Niagara mwaka 1855, wakati wahandisi wengi wakisema treni haiwezi kupita kwenye daraja la kamba.

Mzee huyu alikuwa na tabia moja ambayo mimi ndiyo inanifanya nimheshimu: hakuwa na imani. Hamwamini upepo, hamwamini mto, hamwamini fundi, hamwamini muuza vifaa. Akishapiga hesabu ya mzigo, anazidisha. Daraja la Brooklyn alilipangia nguvu mara sita ya mzigo litakaobeba. Na bado hakuridhika. Juu ya zile kebo nne na nyaya zinazoshuka wima, akaongeza nyaya za mshazari zinazotoka kichwani mwa mnara na kutawanyika kama utando wa buibui. Mnaziona kwenye picha. Alisema mwenyewe kwamba hata kebo zote zikiondoka, daraja litalegea katikati lakini halitaanguka.

Akafa kabla hata msingi haujachimbwa. Tarehe 28 Juni 1869 alikuwa amesimama kwenye magogo ya gati akipima mahali pa mnara, pantoni ikaja kugota, mguu ukabanwa. Vidole vikakatwa. Yeye alikuwa muumini wa tiba ya maji, akawafukuza madaktari akawa anamwagia kidonda maji. Pepopunda ikamkamata, tarehe 22 Julai akaondoka.

Kazi ikamwangukia mwanawe, Washington Roebling, umri miaka 32, aliyekuwa amepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mpaka kwenye yale mapigano makubwa ya Gettysburg.

Kalamu Nyekundu

Mkuu unatiririka vizuri ila usitupeleke mbio. Siasa je? Mradi wa fedha nyingi namna ile, halafu New York ya enzi za Tweed, hakuna aliyekula?

Saruji_na_Kokoto

Kalamu, nilijua utakuja tu 😀

Walikula kabla ya kupika. William Tweed ndiye alikuwa bosi wa chama pale Manhattan, na bila yeye halipiti jambo. Baadaye alipokuwa ameshakamatwa alikiri mbele ya wachunguzi kwamba madiwani walihongwa ili wapitishe fedha za daraja, na yeye akapewa hisa zake. Alifia gerezani mwaka 1878. Lakini huo wizi wa mezani sitaukalia sana, kila mtu anaujua. Mimi nataka wizi wa saiti.

Kabla ya hapo lazima tushuke chini ya maji.

Ule mto una kina na mkondo mkali. Ili ujenge mnara wa mawe wenye mita 84 juu ya maji lazima utafute pa kukanyagia. Walichofanya: wakaunda sanduku la mbao nene kupita kiasi, halina sakafu, wanaliita kesoni. La upande wa Brooklyn lilikuwa mita 51 kwa 31, karibu robo ya uwanja wa mpira. Wakaliburuza hadi mahali pake, wakaanza kupanga mawe ya mnara juu yake. Mawe yanalikandamiza lishuke, na ndani wanasukumiwa hewa kwa mashine ili maji yasiingie. Watu wako ndani, chini ya mto, wanachimba tope na mawe kwa sururu. Wanavyochimba, sanduku linazama. Mnara unajengwa kwenda juu huku unashuka chini.

Humo ndani, kwa shinikizo la hewa, sauti ya mwanamume mzima inatoka nyembamba kama ya mtoto. Huwezi kupiga mluzi. Ukipuliza mshumaa unazima kisha unawaka wenyewe. Joto, giza, tope la magoti. Malipo yalikuwa dola 2 kwa siku, baadaye wakaongeza senti 25. Wengi walikuwa wahamiaji, hasa Waayalandi, Wajerumani na Waitaliano. Mtu anaingia asubuhi, kesho humwoni tena.

Upande wa Brooklyn walikuta mawe makubwa yasiyosogea. Kulipua baruti kwenye sanduku la hewa iliyobanwa hakuna aliyewahi kujaribu. Unajua Washington Roebling alifanyaje? Alishuka na bastola, akapiga risasi humo ndani. Akasikiliza. Akaongeza baruti kidogo. Akasikiliza. Akaongeza tena. Mtoto wa baba yake kabisa.

Desemba 1870 mshumaa ukashika pamba ya kuzibia nyufa darini. Hewa iliyobanwa inalisha moto kama petroli. Roebling alikaa chini usiku kucha akitoboa mbao kuutafuta moto uliokuwa unatembea ndani ya dari, akatolewa amebebwa. Wakadhani umezimika. Alfajiri wakatoboa tena wakakuta makaa. Ikabidi waliache sanduku lijae maji siku mbili na nusu.

Mtoto wa Nungwi

Ngoja niingie hapo maana hii ni kazi yangu. Mimi napeleka wageni kuzamia, miaka kumi na moja sasa.

Alichoumwa huyo bwana sio moto tu. Ukivuta hewa iliyobanwa kwa muda mrefu, naitrojeni inaingia kwenye damu na nyama. Ukipanda taratibu inatoka kwa pumzi. Ukipanda haraka inafanya kama soda uliyoitikisa ukafungua kizibo: mapovu ndani ya mwili. Kwenye viungo inauma mtu anajikunja kama kamba wa kuchemsha. Kwenye uti wa mgongo, miguu inagoma. Nimemshika mtu kwa mikono yangu, mpiga mbizi wa majongoo bahari, si mgeni. Alipanda mbio kwa sababu mtungi ulikuwa unamwishia. Kwenye mashua alivuta sigara, akacheka na sisi. Tulipofika ufukweni akasema "mbona siisikii miguu?"

Hao wa daraja walikuwa wanakaa kina gani?

Saruji_na_Kokoto

Nungwi, asante sana, hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Brooklyn walifika kama mita 13 na nusu wakakuta pa kukanyagia. Manhattan ndiko kulikoua. Kule walifika mita 24 na mwamba haujaonekana. Zamu zikapunguzwa hadi saa mbili, lakini kutoka walikuwa wanatoka haraka mno, dakika chache tu ndani ya kile chumba cha kupunguzia hewa. Daktari wa mradi, Andrew Smith, aliorodhesha wagonjwa 110. Aliona kabisa kwamba wanaotoka taratibu wanapata nafuu, ila hakujua taratibu maana yake ni taratibu kiasi gani. Mfaransa Paul Bert ndiye aliyekuja kueleza habari ya naitrojeni, mwaka 1878, wakati kesoni zimeshajazwa zege zamani.

Mwaka 1872, Aprili na Mei, wakafa watatu kwa kufuatana. Roebling akapiga hesabu: mwamba uko chini zaidi, kila hatua ni maiti. Akachunguza mchanga aliokuwa ameukanyaga, akaona umeshikamana na haujasogea tangu dunia iumbwe, akasema basi, simamisheni. Mnara wa Manhattan umekaa juu ya mchanga, wakuu. Mpaka leo. Watu wanalipiga picha kila siku hawajui.

Mwaka huohuo yeye mwenyewe akaanguka. Tangu hapo hakurudi kazini kwa miguu yake. Maumivu, macho, neva, sauti ya watu tu ilikuwa inamchosha. Akawa anaongoza ujenzi akiwa kitandani, na baadaye akihamia kwenye nyumba yao ya Columbia Heights, dirishani, na darubini.

Mama Wawili

Haya na huyo mkewe mbona humtaji? Nilishawahi kuona mahali kuwa daraja alilijenga mwanamke.

Saruji_na_Kokoto

Mama Wawili, usinitangulie 🙏

Emily Warren Roebling. Hakusomea uhandisi. Mumewe alipolala, alianza kwa kuandika barua anazotamkiwa. Baada ya muda akawa anaelewa anachoandika, kisha akawa anaulizwa na anajibu. Hesabu za kebo, nguvu za chuma, mikataba, vyote vilipita mikononi mwake. Anakwenda saiti, anakagua, anarudi na majibu. Wazabuni wengine wakaamini yeye ndiye mhandisi mkuu na mumewe ni jina tu.

Kalamu Nyekundu

Hapo naomba tuweke sawa. Kusema "alilijenga yeye" ni kutia chumvi, na kusema "alikuwa katibu wa mumewe" ni kumdhulumu. Michoro na maelekezo ni ya Washington, maandiko yake yapo, kurasa kwa kurasa. Na pale saiti walikuwepo wahandisi wasaidizi ambao hakuna anayewataja kwenye hizi posti za mitandaoni. Lakini mwaka 1882 bodi ya daraja ilipotaka kumwondoa Roebling kwa sababu hajaonekana miaka, bila Emily angeondoka. Kura zilikuwa 10 kwa 7. Baadaye akasoma sheria pia, New York University, akamaliza 1899.

Saruji_na_Kokoto

Nakubaliana nawe mwalimu. Na kabla ya ufunguzi ni yeye aliyepewa heshima ya kulivuka kwanza kwa gari la farasi, jogoo mapajani. Jogoo ishara ya ushindi.

Sasa waya. Hapa naomba utulivu.

Minara ilipokamilika, Agosti 1876 waya wa kwanza ukavutwa kutoka upande mmoja hadi wa pili. Fundi mkuu, Farrington, mzee wa karibu miaka 60, akakaa kwenye ubao kama wa bembea, akavutwa juu ya mto mzima huku mji wote umesimama kumtazama na meli zinapiga honi. Baada ya hapo ikaja tenda ya waya wa kebo.

Familia ya Roebling ndiyo iliyokuwa na kiwanda cha waya kinachoheshimika kuliko vyote. Mjumbe wa bodi, Abram Hewitt, mbunge na mwenye viwanda vya chuma, akasimama akapeleka hoja: kampuni yoyote ambayo mhandisi ana hisa ndani yake isipewe tenda. Ukisikia hivyo unapiga makofi, huo ni utawala bora. Washington akauza hisa zake. Tenda bado ikaenda kwa J. Lloyd Haigh wa Brooklyn. Roebling baadaye alidai kwamba kiwanda cha Haigh kilikuwa rehani kwa Hewitt huyohuyo. Nawaachia.

Masharti: waya wa chuma kigumu (steel) uliopakwa zinki usishike kutu, unene wa milimita 4 hivi, usikatike mpaka uvutwe kwa zaidi ya kilo 1,500. Wakaguzi wanakaa kiwandani kwa Haigh. Kila roli la waya linapimwa. Likifaulu, linaandikiwa hati, linapakiwa kwenye mkokoteni wa farasi, hati na mzigo vinaondoka pamoja kwenda darajani. Kule darajani wanapokea hati, wanapokea waya, wanafunga. Nani ana shida?

Shida ilikuwa njiani. Mkokoteni ulikuwa unapinda kona na kuingia kwenye jengo jingine. Humo unashushwa waya mzuri, unapakiwa waya uliokataliwa. Hati ni ileile. Mkokoteni unaendelea darajani. Na ule waya mzuri unarudishwa kiwandani kwa mlango wa nyuma, kesho mkaguzi anaupima tena, unafaulu tena, anauandikia hati nyingine.

Yaani waya mmoja mzuri umefanya mtihani wa shule nzima.

Nilipousoma huo mchezo mara ya kwanza nilinyamaza. Niliwahi kufanya kazi saiti moja, sitaitaja na wala msinifuate inbox. Zege linapomwagwa, kuna vile vibokisi vya chuma vinajazwa, likikauka linapelekwa maabara kuvunjwa ili lijulikane lina nguvu gani. Pale kwetu zege la vibokisi lilikorogwa pembeni kwenye karai, na fundi wa karai alikuwa maalum, mfuko mzima kwa ndoo chache za mchanga. Zege la nguzo lilitoka kwenye mashine, lilikuwa na rangi ya uji wa mgonjwa. Majibu ya maabara yalikuwa yanarudi mazuri ajabu. Fundi wa karai alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka 22 na nilikuwa napewa elfu mbili ya ziada.

Nipo Kona

Eeh! Mkuu umejilipua.

Dalali Mstaafu

Hilo jengo lipo? Uliza tu, nisije kuwa nimepangisha.

Saruji_na_Kokoto

Lipo Dalali. Mimi nikipita naenda upande wa pili wa barabara.

Turudi. Walianza kuingiwa na shaka pale waya ulipokuwa unakatika kizembe darajani wakati hati inasema umefaulu. Julai 1878 wakaanza kuweka alama za siri kwenye maroli na kuufuatilia mkokoteni. Mchezo ukaonekana wote.

Lakini kwa wakati huo waya mbovu ulikuwa umeshalazwa ndani ya kebo, umechanganyika na mzuri, umebanwa. Kuutoa ni kubomoa kebo zote. Ripoti ikapelekwa kwa yule mgonjwa dirishani.

Sasa oneni faida ya mzee asiyeamini watu. Washington akapiga hesabu: baba alipanga nguvu mara sita. Kwa uchafu huu imeshuka, lakini haipungui mara tano. Daraja litasimama. Akaamuru kila kebo iongezwe nyaya nzuri kama 150 hivi, kwa gharama ya Haigh. Kebo ilikuwa iwe na vifungu 19 vya nyaya 278 kila kimoja. Chukueni kikokotoo: 5,282. Ndiyo maana leo hesabu ni 5,434. Ile nyongeza mnayoiona pale ni kovu la wizi.

Na Haigh? Kwa hili hakufungwa. Alikuja kufungwa gereza la Sing Sing kwa mambo mengine ya hundi na saini za kughushi.

Mtoto wa Nungwi

Kwa hiyo aliyeiba waya wa daraja wanalopita maelfu hakufungwa, akafungwa kwa hundi?

Saruji_na_Kokoto

Ndiyo hivyo. Na siku ya ufunguzi, mbele ya Rais Chester Arthur, msemaji mkuu alikuwa nani? Abram Hewitt. Alihutubia vizuri sana, alimsifu Emily kwa maneno matamu ambayo hadi leo yananukuliwa. Roebling hakwenda. Rais akamfuata nyumbani kumpa mkono.

Kalamu Nyekundu

Ongeza na maafa ya wiki ile. Tarehe 30 Mei 1883, siku sita tu baada ya kufunguliwa, mwanamke mmoja alijikwaa kwenye ngazi za njia ya miguu, mwingine akapiga kelele, umati ukadhani daraja linaanguka. Walikanyagana, wakafa 12. Daraja halikutikisika hata kidogo. Ndipo mwakani yake Barnum mwenye sarakasi akavusha tembo 21 usiku, Mei 1884, kuwaonyesha watu kwamba ni imara. Na kujitangazia biashara yake, bila shaka.

Dalali Mstaafu

Mimi nasubiri mfike kwenye fani yangu. Kuna jamaa aliitwa George C. Parker, aliliuza hilo daraja. Si mara moja! Anawashika wageni waliotoka melini, anawaonyesha nyaraka safi, anawaambia ukinunua utaweka kizuizi ukusanye ushuru. Kuna waliokamatwa na polisi wakiwa wanajenga kizuizi cha kukusanyia. Alihukumiwa kifungo cha maisha Desemba 1928, Sing Sing hiyohiyo. Kwa Wamarekani mpaka leo ukiwa mjinga wanakuambia wana daraja la kukuuzia. Sisi tunauziana viwanja vya wenye kaburi lao ndani, tunadhani tumebuni.

Mama Wawili

😂😂 Dalali wewe.

Swali langu la kijinga: huo waya mbovu haujaoza? Miaka mia na arobaini hiyo.

Saruji_na_Kokoto

Si swali la kijinga, mama. Zinki inasaidia, na kebo imezungushiwa waya mwingine kwa nje na kupakwa rangi ili maji yasipenye. Kebo kuu ni zilezile za 1878.

Kilichokatika ni kingine. Mwaka 1981 nyaya mbili za mshazari, zile za utando wa buibui, zilikatika kwa kutu zikampiga mpita njia, akafariki. Za mshazari zikaja kubadilishwa baadaye. Ukaguzi na marekebisho makubwa hayajawahi kuisha pale, kila kizazi kina kiunzi chake. Mwaka 2006 wafanyakazi wa jiji wakiwa katika ukaguzi wa kawaida waliingia kwenye chumba kimoja cha mawe chini ya daraja wakakuta maboksi ya biskuti, maji na dawa vilivyofichwa miaka ya 1950 na 1960 wakisubiri bomu la nyuklia la Mrusi. Kila mtu alikuwa amesahau.

Na msinielewe vibaya, sijasema kuibia ujenzi ni sawa kwa kuwa hata Brooklyn waliibiwa. Ninachombishia yule mdau ni kwamba halikusimama kwa sababu ya uaminifu wa watu. Lilisimama kwa sababu aliyelichora alishapigia hesabu kina Haigh kabla Haigh hajaomba tenda. Michoro ya saiti zetu inapigwa mpaka senti ya mwisho, hakuna nafasi ya mwizi hata mmoja, halafu wezi wako sita.

Kalamu Nyekundu

Hapo kwenye "michoro yetu" wahandisi watakufuata. Kanuni zetu zina nafasi ya usalama kama za wengine. Tatizo ni kwamba ile nafasi inaliwa na mkandarasi, inaliwa na msimamizi, kisha mwenye jengo anaongeza ghorofa mbili ambazo hazikuwemo.

Saruji_na_Kokoto

Napokea. Nimezidisha hapo.

Baiskeli ya Kukodi

Salaam wakuu, mimi niko hukuhuku New York, nasoma kimyakimya tangu mwanzo. Kazi yangu ni kupeleka chakula kwa baiskeli. Hilo daraja navuka usiku mara mbili, tatu. Tangu Septemba 2021 baiskeli tumepewa njia yetu huku chini kwenye barabara, tumeacha ile ya juu ya mbao tuliyokuwa tunagombania na watalii.

Miaka yote hiyo sijawahi kuitazama kebo. Mawazo yako kwenye supu ya mtu isimwagike. Hizo kebo ni zile kubwa za rangi ya udongo?

Saruji_na_Kokoto

Hizo hizo, mkuu. Nne. Katikati ya daraja ndipo zinaposhuka chini kabisa, karibu na usawa wako.

Baiskeli ya Kukodi

Basi leo nina oda ya saa nne usiku kwenda Brooklyn. Nitazitazama.

Mama Wawili

Tazama mbele, mwanangu. Supu hiyo.